Ndege wa Msitu wa Rondo

Mtazamaji ndege aingiaye msitu wa Rondo, mkoani Lindi, hana budi kunyamaza na kutazama chini. Ndege mwimbaji anayemtafuta, Geokichla guttata, ana kifua cheupe chenye madoa meusi, na hupekua majani makavu kivulini akitafuta wadudu. Ni adimu, kimataifa amewekwa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka.

Madoa yale humficha, lakini hayamkingi na shoka. Kivuli kikiondoka kwa ajili ya shamba au tanuri la mkaa, chakula chake huondoka nacho. Komba mdogo wa Rondo, aliyepewa jina la msitu huo miaka ya 1990, anategemea miti hiyo hiyo.

Gunia la mkaa huisha kwa majuma. Msitu haurudi upesi hivyo. Tuutunze.