Baiokemia ni Masomo Gani, na Tuchangie kwa Nini?

(Hotuba kwa mkutano wa vikundi vya kujisaidia)



Msichana wetu ameitwa chuo kikuu kusoma Baiokemia na Baiolojia ya Molekuli, na vikundi vimeombwa vichange. Mzee mmoja akauliza: "Hiyo ni udaktari ama ni nini?" Ni swali la haki, maana pesa ni zenu. Mimi nilisoma kozi hiyo hiyo, kwa hivyo nitajibu bila kuzunguka.

Si udaktari. Akimaliza miaka yake minne hatawaandikia dawa wala kuwadunga sindano. Hata kupima damu katika maabara ya hospitali kuna kozi yake, na kuna bodi ya kusajili watu wa kazi hiyo iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1999. Kama nia yake ni kufanya kazi ya hospitali, aiulize bodi hiyo sasa, kabla shilingi ya kwanza haijalipwa. Nimeona wazazi wakigundua jambo hili mtoto akiwa mwaka wa nne, na nyumba ikawa kama ya matanga.

Sasa anasoma nini? Baiokemia ni kemia ya vitu vyenye uhai. Akina mama, mnajua uji mzito wa mtoto ukitiwa unga kidogo wa kimea unalegea na kuwa mwepesi. Si uchawi. Nafaka inapoota hutengeneza kimeng'enya, na kimeng'enya hicho hukata wanga vipande vipande. Mate yetu yana kimeng'enya cha aina hiyo. Tafuna ugali polepole bila kumeza, utasikia utamu unakuja. Mwanafunzi hupima kazi hiyo kwa saa na kwa joto: mbona kimeng'enya kikichemshwa kinaharibika, mbona kingine kinakosa kwa mtoto mgonjwa.

Baiolojia ya molekuli yenyewe inashughulika na DNA, yaani maagizo yaliyo ndani ya kila chembe hai, ambayo mtoto hurithi kwa baba na mama. Umbo lake lilijulikana mwaka 1953. Kuna njia inaitwa PCR, iliyobuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Kary Mullis, ya kunakili kipande cha DNA. Kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne. Piga hesabu mara 30, utapita bilioni moja! Faida yake iko hapa kijijini. Mtoto wa mama mwenye virusi vya UKIMWI hawezi kupimwa kwa kile kipimo cha kawaida kabla ya miezi 18, kwa sababu bado ana kinga za mama yake katika damu, na jibu linaweza kudanganya. Kwa hivyo hutolewa matone ya damu kisiginoni, yanakaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara kubwa, na kirusi chenyewe kinatafutwa kwa njia hiyo ya PCR. Mtoto wa wiki sita anajulikana, anaanza dawa mapema.

Halafu kuna mahindi. Mnakumbuka mwaka 2004, kule Makueni, Kitui na jirani zao, watu 125 walikufa kwa sumu ya kuvu, aflatoksini. Kipimo kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 10 katika bilioni. Katika gunia la kilo 90, hiyo haifiki miligramu moja! Jicho haliwezi kuiona, na kupika hakuimalizi. Ini likijaribu kuivunja, linaigeuza kuwa kitu kinachoshika DNA na kuiharibu, ndiyo sababu mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka anaweza kupata saratani ya ini. Na yule anayesema, "Haya yaliyooza nitampa ng'ombe," ajue sumu hiyo inarudi nyumbani ndani ya maziwa. Kuyapima hayo mahindi ni kazi ya watu wa fani hii. Kuyakausha mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5 ni kazi yetu sisi.

Masomo yenyewe ni magumu, nisiwafiche. Mwaka wa kwanza ni kemia na hesabu tupu, mpaka mtu ajiulize uhai uko wapi. Mchana ni maabara saa tatu, umesimama na pipeti, ukipima tone ambalo halilowi hata ncha ya kidole. Tone likikosewa, unaanza upya.

Kazi je? Wengine huenda KEMRI, wengine viwanda vya chakula na dawa, wengine hupima ubora wa bidhaa. Lakini nafasi ni chache, na wengi huishia kuuza dawa za makampuni au kufundisha huku wakitafuta digrii ya pili. Asiwaahidi gari.

Mkikubali kuchanga, msimalizie zote kwenye karo, kwa maana mkopo wa HELB unaweza kusaidia hapo, naye ataulipa akianza kazi. Wekeni kando pesa za koti la maabara, za kikokotoo, na hasa za nauli na chumba wakati wa atachimenti. Hiyo ni miezi kama mitatu hivi, mara nyingi bila malipo, na maabara nyingi ziko Nairobi.