Pengo Katikati ya Wimbo: Bohemian Rhapsody Jukwaani, 1975 hadi 2017

Novemba 1981, mjini Montreal, Kanada, watu wanne wa bendi ya Queen walikuwa jukwaani mbele ya ukumbi uliofurika: Freddie Mercury kwenye piano, Brian May na gitaa lake, John Deacon na besi, Roger Taylor nyuma ya ngoma. Hawakuwa na mpiga kinanda wa kukodiwa wala waitikiaji wa pembeni. Bohemian Rhapsody ilipofika katikati, wote wanne wakaondoka. Taa zikabaki zinacheza juu ya jukwaa tupu, na kwenye spika ikasikika kwaya nzito, sauti zikijibizana juu kwa chini kama watu wanaogombania roho ya mtu. Kanda ndiyo iliyokuwa ikiimba. Muda mfupi baadaye mwanga ukalipuka, wanne wale wamerudi, gitaa linanguruma, na ukumbi mzima uko wima.

Maonyesho hayo ya tarehe 24 na 25 yalipigwa kwa filamu ya milimita 35, ndiyo maana hadi leo mtu anaweza kuyatazama na kuona jasho. Mhadhara huu unayatumia kuuliza swali moja: bendi ifanye nini na wimbo wake yenyewe ambao haiwezi kuuimba?

Mashabiki wanaolinganisha shoo za bendi waipendayo kwa kawaida huanza na koo na vidole. Usiku gani mwimbaji alipanda zaidi? Solo ipi ilikuwa tamu? Maswali halali kabisa, na yatarudi. Lakini kwa Bohemian Rhapsody tofauti kubwa kati ya shoo na shoo haiko hapo. Iko kwenye lile pengo la katikati, na kila kizazi cha Queen kimeliziba kwa namna yake.

Pengo hilo lilichimbwa Wales. Kazi ya kurekodi ilianza Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, karibu na mji wa Monmouth, chini ya mtayarishaji Roy Thomas Baker. Mwanzo wa wimbo, na ile sehemu ya roki inayofuata baadaye, ni mambo ambayo bendi yoyote hodari ingeyapiga. Katikati ndipo penye kazi. Mercury, May na Taylor waliimba saa 10 hadi 12 kwa siku, kwa takribani wiki tatu, wakirundika sauti juu ya sauti. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni tabaka 180. Mashine ya siku zile ilikuwa na njia 24 tu, kwa hiyo sauti zilizokwisha kurekodiwa zilikusanywa kwenye njia chache ili nyingine zipate nafasi, kisha zikakusanywa tena, na tena, hadi kanda ikachakaa kiasi kwamba ukiiinua unaona mwanga wa upande wa pili. Mpiga ngoma, Taylor, ndiye aliyezifikia noti za juu kabisa. Deacon hakuimba. Koo tatu zikafanya kazi ya kwaya nzima, na singo ya karibu dakika 6 ikatoka tarehe 31 Oktoba.

Msikilizaji wa Dar es Salaam aliyelelewa na muziki wa dansi ana haki ya kushangaa. Katika studio za Redio Tanzania, miaka ya 1970, bendi iliingia nzima, ikapiga kwa pamoja, ikatoka. Rekodi ilikuwa picha ya shoo. Ukumbini wimbo ule ule ulinenepa: chemko, ile sehemu ya mwisho inayokwenda kwa kasi, iliendelea mradi wachezaji hawajachoka, na shabiki wa bendi kama Sikinde au Msondo alilinganisha usiku mmoja na mwingine kwa kuuliza wapi palichemka zaidi. Rockfield mambo yaligeuka. Rekodi haikuwa picha ya kitu chochote kilichowahi kutokea. Hakuna siku ambayo mtu angesimama mlangoni mwa studio akausikia wimbo ule ukiimbwa toka mwanzo hadi mwisho.

Sasa wapande nao jukwaani vipi?

Jibu la kwanza lilikuwa kisu. Tarehe 24 Desemba 1975, katika ukumbi wa Hammersmith Odeon jijini London, shoo ikirushwa na BBC na wimbo ukiwa kileleni mwa chati ya Uingereza, Mercury aliimba sehemu ya kwanza peke yake kwenye piano. Ilipofika mahali pa kwaya, bendi ikateleza kuingia Killer Queen, ikapita kwenye The March of the Black Queen, kisha Bohemian Rhapsody ikarudi kwa dakika moja hivi kufunga. Ni kazi safi ya fundi cherehani. Asiyejua angedhani nyimbo hizo zilitungwa pamoja. Hata hivyo aliyekuwa ameinunua santuri wiki ile alikaribishwa barazani tu, akatolewa nje kwa mlango wa uani bila kuiona sebule.

Jibu la pili ni lile la Montreal. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 lilikuwa limekwisha kuwa desturi, na linasikika pia katika Live Killers, albamu iliyorekodiwa Ulaya Januari hadi Machi 1979. Wapo waliolalamika kwamba huo ni udanganyifu. Hapa mhadhara huu unasimama upande wa bendi, na Afrika Mashariki ina sababu ya pekee ya kulisikiliza shauri hili, kwa kuwa imeona pleibeki ya kutosha. Mwimbaji anashika maiki, CD inaimba, mdomo unafuata, na mwenye kulipa kiingilio anaombwa asitazame kwa makini. Queen walifanya kinyume chake. Kanda ilipoanza kuimba, walijiondoa, wakaacha jukwaa tupu liseme wazi kwamba sauti hizi si zetu za usiku huu. Hakuna aliyechezesha mdomo. Freddie, inasemwa, alikuwa nyuma akibadili nguo.

Gharama yake ipo. Kanda haijui kuchoka wala kufurahi. Iwe Montreal au Tokyo, inaimba vile vile, kwa mwendo ule ule. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha shoo za kipindi hiki anabaki na kingo mbili za pengo. Ukingo wa kwanza ni sauti ya Freddie. Alikuwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti na hakutaka kupasuliwa, na katika ziara ndefu mara nyingi alishusha noti ambazo studioni alizipanda. Wako wanaolihesabu jambo hilo kama kosa. Ukisikiliza vizuri, kushusha huko kulimlazimisha kutafuta njia nyingine ya kufika, na njia hizo hazifanani usiku kwa usiku. Ndipo wimbo ulipopumua. Ukingo wa pili ni kurudi kwa gitaa. Mstari ule wa gitaa Mercury aliutunga kwenye piano, haukai vizuri chini ya vidole vya mpiga gitaa, na May hana budi kuuvamia kutoka gizani bila hata baa moja ya kupasha moto. Montreal anauvamia kama mwenye deni.

Kuhusu asili ya Mercury, mtunzi wa wimbo, maneno machache yanatosha. Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Wageni hupenda kuitafuta Unguja ndani ya wimbo huu, kwa kuwa katikati yake limo neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa kisiwani hulitamka kabla ya kula. Neno moja halitoshi kuujengea wimbo nasaba. Isitoshe, liko katika sehemu ya kanda: jukwaani lilitoka kwenye spika, si kinywani mwake.

Kisha likaja tamasha la Live Aid, uwanja wa Wembley, 13 Julai 1985. Saa 12:41 jioni Mercury aliketi kwenye piano iliyojaa vikombe vya karatasi juu yake, mkono mmoja ukivuka juu ya mwingine, na watu 72,000 wakapiga kelele kabla hajafungua kinywa. Queen walikuwa na dakika 20 hivi tu, na jua la Julai lilikuwa bado linawaka: taa za Montreal zisingefaa kitu. Wakarudi kwenye kisu cha 1975, safari hii bila huruma. Sehemu ya kwanza, solo, basi. Freddie akainuka, akashika maiki, Radio Ga Ga ikaanza. Shoo hii ndiyo inayotajwa kuliko zote, na inastahili. Lakini kama toleo la Bohemian Rhapsody ni pungufu. Ukuu wa siku ile ulikuja baada ya wimbo kukatwa.

Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Tarehe 20 Aprili 1992, katika tamasha la kumkumbuka uwanjani pale pale Wembley, Elton John aliimba mwanzo, kanda ikaimba katikati, na Axl Rose akachomoka kwa sehemu ya roki kabla ya wawili hao kumaliza bega kwa bega. Kuanzia hapo pengo limehama. Katika ziara za May na Taylor na mwimbaji Adam Lambert, Freddie huonekana kwenye skrini kubwa akiimba sehemu yake. Zamani mashine iliwapa kwaya ambayo hawakuwa nayo. Sasa inawapa mtu ambaye hawanaye.

Toleo la mwisho la kulinganisha halina bendi. Tarehe 1 Julai 2017, watu 65,000 walikuwa wamesimama Hyde Park, London, katika bustani ile ile ambako Queen walipiga bure tarehe 18 Septemba 1976. Walikuwa wakiisubiri bendi ya Green Day. Spika zikapiga Bohemian Rhapsody ya studio ili kuwapitishia muda, na umati ukaudaka: ukaimba mwanzo, ukaimba solo ya gitaa kwa midomo, na ukaimba katikati yote, noti za Taylor zikiwamo, sehemu ambayo wenye wimbo kwa miaka yote waliikata au waliiachia kanda. Wakaumaliza, wakajipigia makofi. Green Day walikuwa bado hawajapanda jukwaani.