Liberia: Bunduki Zilikusanywa, Haki Bado

Machi 30, 2018, Umoja wa Mataifa ulifunga UNMIL, kikosi chake cha kulinda amani Liberia, baada ya takriban miaka 15. Silaha zilikuwa zimekusanywa, na Januari mwaka huohuo Rais Ellen Johnson Sirleaf alimkabidhi mrithi wake, George Weah, madaraka kwa amani. Ni mafanikio makubwa, tuyaseme bila kusita.

Lakini waathirika wa vita vya wenyewe kwa wenyewe? Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipendekeza mahakama maalumu ya uhalifu wa vita hivyo mwaka 2009. Ofisi ya kuiandaa iliagizwa na Rais Joseph Boakai mwaka 2024. Muda wote huo wafiwa wameishi mtaa mmoja na waliowaua ndugu zao. Mataifa yaliyogharimia walinda amani yaigharimie na mahakama hii, upesi, mashahidi wangali hai.