Uteuzi wa Intaneti ya Setilaiti kwa Meli za Biashara



Tajiri wa meli anapokwenda kununua intaneti ya setilaiti, jambo la kwanza atakalosifiwa na wauzaji ni kasi. Rai yangu ni kwamba kasi ni sifa ya kuulizwa mwisho, na kwamba yapasa kwanza kujua meli inapita bahari zipi, imechukua watu gani, na ni kipi kitakachosalia kufanya kazi siku chombo kikuu cha intaneti kitakapozimika.

Setilaiti zilizotangulia kuhudumia meli, zikiwamo zile za Inmarsat, shirika lililoasisiwa mwaka 1979 kwa mkataba wa mataifa kisha likawa kampuni ya binafsi mwaka 1999, zimewekwa juu ya Ikweta kiasi cha kilomita 35,786, ambako huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha, hata zikawa kama zimetua mahali pamoja. Meli ipakiayo Dar es Salaam na Mombasa kisha ikashika njia ya Jebel Ali huipata setilaiti ya Bahari ya Hindi ikiwa juu sana angani, wala milingoti na makontena hayaizuii kwa wepesi; ilhali ile iendayo kaskazini ya mbali huiona ikishuka kuelekea upeo wa macho mpaka ikapotea kabisa. Taksiri ya setilaiti hizi ni umbali, kwani swali na jibu, hata vikienda kwa mwendo wa nuru, huchukua kama nusu ya sekunde, na mazungumzo ya ana kwa ana kwa picha huwa mazito.

Kundi la pili ni la setilaiti za chini: Iridium, zilizo 66 katika kilomita 780 hivi, zinazopokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe na kuienea dunia hata kwenye ncha zake, OneWeb, katika kilomita 1,200, na Starlink, katika kilomita 550 hivi, ambayo huduma yake ya meli ilianza Julai 2022 na kuibadili biashara hii kwa wepesi wa majibu na wingi wa data.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo wengi wanapohadaika. Masafa ya redio yanayobeba data nyingi, yaani Ku na Ka, hudhoofishwa na mvua kubwa, nasi tunaijua mvua ya masika ilivyo. Masafa ya L huipenya mvua ile, lakini hubeba kidogo na kwa bei ghali. Kwa hiyo mwenye hadhari hachagui kimoja: huweka chombo kikuu cha kazi za kila siku na chombo cha akiba cha jinsi nyingine, kwa maana madishi mawili ya mtandao mmoja huanguka pamoja mtandao huo unapoanguka. Fauka ya hayo, intaneti ya biashara, iwe na kasi namna gani, haishiki mahali pa vyombo vya GMDSS, yaani mfumo wa dunia wa dharura na usalama baharini, uliotimilika tarehe 1 Februari 1999, ambavyo, vikiwa vya setilaiti, sharti viwe vya mitandao iliyotambuliwa na Shirika la Kimataifa la Bahari.

Tena kuna idhini. Si kila nchi inayoruhusu kila dishi kufanya kazi katika maji yake, na nahodha asiyearifiwa mapema aweza kujikuta ameivunja sheria ya watu akiwa bado hajatia nanga.

Ama mabaharia, haki yao si hisani tena. Marekebisho ya Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, yaliyoanza kutumika tarehe 23 Desemba 2024, yanawataka wenye meli wawapatie mabaharia intaneti kadiri inavyowezekana, na malipo, kama yapo, yawe ya kiasi. Baharia aliyetengana na watoto wake kwa miezi tisa hastahili kuuziwa sauti zao kwa bei ya kumkomoa. Lakini mtandao wake utengwe na mtandao wa usukani na mitambo, kwani Juni 2017 virusi vya kompyuta vilivyoitwa NotPetya viliikumba kampuni ya Maersk, vikasimamisha kazi katika bandari kadhaa na kuitia hasara iliyokadiriwa kati ya dola milioni 200 na 300, na tangu 2021 Shirika la Kimataifa la Bahari linataka hatari hiyo iingizwe katika taratibu za usalama wa kila kampuni ya meli.

Nawaomba, basi, wenye meli waliohudhuria hapa, wasitie sahihi mkataba wowote wa intaneti kabla ya kuuliza kiwango cha data kikiisha huwaje, na ni fundi gani wa Mombasa au Dar es Salaam atakayepanda mlingotini dishi likiharibika. Wala wasiutie sahihi kabla nahodha, mhandisi mkuu na mjumbe mmoja wa mabaharia hawajausoma.