Theluji ya pamba Masasi

Juma hili nataka tuzungumze habari ya watoto wadogo na sikukuu, na nitaanzia nyumbani Masasi, mahali ambapo mwishoni mwa Novemba joto la milima ile ya mawe hukufuata mpaka kitandani.

Nilialikwa na mjukuu wangu. Ana miaka mitano, anasoma darasa la awali katika shule moja ya pale mjini. Shule yenyewe sitaitaja, kwa sababu kosa lililotokea pale lingeweza kutokea katika shule yoyote ya Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi, wala halikufanywa kwa ubaya. Ilikuwa siku ya wazazi. Shughuli ya siku hiyo iliandikwa ubaoni kwa chaki za rangi: "Sikukuu za Dunia". Sisi wazazi na mababu tukapangwa kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu.

Akaingia kwanza Baba Krismasi. Alikuwa mtoto wa kiume aliyefungwa kanga nyekundu na ndevu za pamba ya hospitali, jasho likimtiririka mpaka ndevu zikaanza kubanduka. Nyuma yake wenzake wawili walibeba beseni la pamba, wakawa wanairusha juu. Mwalimu akatueleza kwamba hiyo ni theluji, na kwamba huko Ulaya siku ya Krismasi ardhi yote huwa nyeupe. Mzee mmoja aliyekaa kando yangu, mkulima wa korosho, akaniuliza kwa sauti ya chini kama Serikali imeanza kutaka tulime pamba huku Kusini. Tukacheka, tukapiga makofi. Mpaka hapo hapakuwa na neno.

Halafu mwalimu akasema, kwa upole kabisa: "Sasa watoto wa Krismasi waje upande wangu wa kulia, watoto wa Idd waende kushoto, tuimbe."

Watoto wakagawanyika kama mbuzi wanaojua mazizi yao. Mjukuu wangu akabaki katikati ya chumba. Mama yake, ambaye ni binti yangu, ni Mwanglikana. Baba yake ni Mwislamu, mtu wa Newala. Akatazama kulia, akamwona binamu yake. Akatazama kushoto, akamwona rafiki yake wanayekwenda naye shule kila asubuhi. Mwalimu akarudia maneno yake. Wenzake wakaanza kucheka. Ndipo akaangua kilio, akaja mbio, akaficha uso wake kwenye mapaja yangu.

Usiku, chakula kilipoisha, akaniuliza: "Babu, mimi ni mtoto wa sikukuu gani?" Mama yake akamtazama baba yake. Baba yake akaitazama redio. Na mimi, ninayekula kwa kusema maneno mbele ya kipaza sauti, nikamjibu: "Kalale, tutazungumza kesho." Nakiri mbele yenu kwamba kesho hiyo ilifika na sikuzungumza.

Sasa, mtu asiyeijua Masasi anaweza kudhani mtoto huyu ni wa ajabu. Huko kwetu ni wa kawaida sana. Masasi ni mji uliozoea kukutanisha mambo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani, akikusudia kufika mbali zaidi, huko bara kuelekea Ziwa Nyasa, lakini safari ile ikaishia hapo Masasi. Waliokaa pale hawakuwa wa kabila moja. Waliwakuta wenyeji, wakaishi jirani na Wamakua, Wayao na Wamakonde, na Uislamu nao ukapanda kutoka pwani kwa njia za wafanyabiashara. Ukitafuta Masasi ukoo usio na Athumani na Yohana katika shina moja, utachoka.

Hata jando letu lilipita njia hiyo. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926 mpaka 1944, hakulipiga marufuku jando kama wamisionari wengi wa zama zile walivyotaka. Aliwaachia wazee porini pao, akatia ndani yake sala na mafundisho ya kanisa. Wapo waliomlaumu, na wapo wanaomlaumu hadi leo kwamba aliingiza mkono katika jambo lisilo lake. Mimi nilipita katika jando la namna hiyo. Padri alikuwapo, na mjomba alikuwapo, na nawahakikishieni kwamba niliyemwogopa ni mjomba. Lakini hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa mtoto wa padri au mtoto wa mjomba.

Baada ya mwaka mpya tukaenda Newala. Wajukuu wa upande wa pili walikuwa wanatoka jandoni kabla ya shule kufunguliwa, na mkwe mwenzangu, bibi yake mtoto, alituma ujumbe kwamba nisipofika atanisema mpaka Mtwara. Gari likapanda ule ukuta wa uwanda wa Makonde, joto likabaki chini. Mjukuu wangu nikamwonyesha Shimo la Mungu, lile bonde kubwa lililopo pale Newala ambapo ardhi inakatika na macho yanakwenda upande wa Ruvuma. Akauliza kama theluji ikianguka hapo inaweza kulijaza. Nikaona pamba bado imo kichwani.

Nyumbani kwa bibi yake maji yalikuwa yameletwa tangu alfajiri, ndoo zimepangwa ukutani. Watu wa Newala ni warithi wa kina mama walioteremka na kupanda makorongo kutafuta maji, na mpaka leo hawamwagi ovyo. Mkwe wangu, baada ya kunikaribisha na kuulizana hali za nyumba zote mbili, alimwona mtoto amenyamaza. Akauliza ana nini. Nikamweleza habari ya kulia na kushoto.

Yule mama hakucheka. Akasema: "Mkwe, mbona jambo jepesi? Krismasi jirani yangu huyo wa chini ananiletea sahani. Idd namrudishia sahani ile ile, haijapata kurudi tupu. Mtoto kazi yake ni kubeba sahani. Kwani aliyeibeba aliulizwa dini njiani?" Akamgeukia mtoto: "Wewe umebeba sahani yangu mara ngapi?" Mtoto akahesabu kwa vidole, akapotea hesabu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Masasi.

Usiku ule zikalia ngoma, na midimu ikatoka. Kwa wasikilizaji wasiojua, midimu ni ngoma ya vinyago vya Wamakonde, wengine huita mapiko. Anatokea mtu, au tuseme kinatokea kitu, uso wake wa mti, mwili umefunikwa wote, na mwingine hutembea juu ya mironjo mirefu kupita paa la nyumba. Watoto wanaambiwa kwamba hao si watu wa hapa, wametoka kwa wafu. Hapa naomba nishushe sauti kidogo, maana najua kuna watoto wanasikiliza. Nyinyi mliopita jandoni mnajua tunachokijua, na tuishie hapo.

Mjukuu wangu alinishika mguu mpaka kucha zikaniingia. Nami nikiwa nimesimama pale gizani ndipo nikapata mahali pa kuanzia yale mazungumzo niliyoahidi.

Maana fikirini. Huyo Baba Krismasi wa ndevu za pamba ni nani kama si mdimu wa Wazungu? Watu wazima wote wanajua siri yake, watoto hawajui, na siku mtoto anapoijua siri anakuwa amevuka kizingiti. Chanzo chake ni Nikolao, askofu wa Mira, mji wa pwani katika nchi ambayo leo ni Uturuki, na huko Uholanzi watoto bado humwekea viatu usiku, na ndani ya kiatu karoti kwa ajili ya farasi wake. Austria wanakwenda mbali zaidi. Jioni ya tarehe 5 Desemba vijana huvaa ngozi na vinyago vya mti vyenye pembe, wakafunga kengele kiunoni, wakapita mitaani wakiwatisha watoto. Humwita Krampus. Mtoto wa Newala akimwona Krampus hahitaji kuelezwa na mwalimu. Japani nako, mwanzoni mwa Februari, baba wa nyumba huvaa kinyago cha zimwi, na watoto humrushia soya zilizokaangwa mpaka akimbie. Nilipomsimulia mjukuu wangu habari ya soya, aliuliza papo hapo kama na korosho zinafaa. Nikamwambia korosho ni fedha, haturushi.

Hapo ndipo nilipoona tulipokosea. Mtoto wa miaka mitano hajui dini za ulimwengu na hawezi kuzijua, na ukimpa ramani ataila. Lakini anajua kuogopa kinyago, anajua nguo mpya inavyonukia, anajua kugonga mlango wa jirani. Mwambie kwamba Idd akipita nyumba kwa nyumba kutaka mkono wa Idd, kuna watoto wa Oman ambao katikati ya mwezi wa Ramadhani nao hupita nyumba kwa nyumba usiku wakiimba na kupewa peremende, na siku hiyo huitwa Qaranqasho. Baadhi ya watoto hao bibi zao wanazungumza Kiswahili kama chako. Mwambie kwamba majirani zetu wa Ethiopia Krismasi yao ni tarehe 7 Januari, na vijana wao hucheza mpira wa magongo ambao jina lake ni jina la sikukuu yenyewe, Genna. Mwambie kwamba Makunduchi, kule Unguja, watu hukaribisha Mwaka Kogwa kwa kuchapana kwa migomba mpaka ugomvi wa mwaka mzima uishe. Hilo la kuchapana, nawaonya walimu, lielezeni nje ya darasa, mahali palipo wazi.

Sisemi Baba Krismasi asifundishwe. Afundishwe, na theluji yake, ila aje kama mgeni anayekuta wenyeji wapo. Tangu Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilipoufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, mwalimu wa darasa la awali ndiye anayewafungulia watoto wengi mlango wa kwanza wa dunia. Huyo mwalimu mara nyingi ana watoto wengi kuliko viti, na kitabu kimoja cha picha kilicholetwa na mfadhili, na katika kitabu hicho sikukuu ni mti wenye taa na nyumba yenye moshi. Simlaumu kwa kufundisha alichopewa.

Nilikwenda kumwona tuliporudi Masasi. Ni binti mdogo, umri wa mwanangu wa mwisho. Alinisalimu shikamoo huku ameinamisha macho, maana alijua nimefuata nini. Akaniambia: "Babu, mimi nilitaka kila mtoto ajivunie ya kwao. Sasa nilikosea wapi?" Nikamweleza habari ya sahani ya mkwe wangu. Akafikiri. Akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: je, mzazi akija kulalamika kwamba mtoto wake anafundishwa dini ya watu wengine, atamjibu nini? Swali hilo ni la haki, na wazazi wa namna hiyo wapo upande wa kulia na upande wa kushoto. Tukakubaliana kwamba sala ni za nyumbani, za msikitini na za kanisani, na darasani watazungumza habari ya sahani: nani anapika, anampelekea nani, na watoto wanapata nini. Mzazi anayechukia hata hilo, aitwe, akae kwenye kile kiti kidogo, waelezane.

Nikamwachia pia hesabu moja, kwa kuwa nilimwona anapenda kalenda. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Idd inazunguka mwaka mzima. Wakulima wetu wanalijua hilo mfukoni: Idd ikiangukia msimu wa korosho, watoto wanavaa, ikiangukia Februari au Machi, wanafuliwa za mwaka jana. Mwaka 2000 Idd el Fitr ilikuja mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena siku mbili tatu baada ya Krismasi, na Masasi ilinuka pilau juma zima. Mwaka 2033, kwa hesabu za mwezi, itakuja mara mbili tena, ya pili ikiwa siku chache kabla ya Krismasi. Watoto waliorusha pamba siku ile watakuwa wakubwa, na watakuwa wenye kupika au wenye kubeba.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu aliwauliza watoto wote, wakiwa wamekaa duara moja, nyumbani kwao kuna sikukuu ngapi. Nasimuliwa kwamba mjukuu wangu alinyoosha vidole vitatu. Mwalimu akasema, Krismasi moja, Idd mbili, na ya tatu ni ipi? Mtoto akatikisa kichwa. Akasema hiyo hawezi kuisema mbele ya watoto wadogo, mpaka mjomba amruhusu.