Maneno ya Bibi, Siku ya Wakimbizi



Tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, tukaletwa hapa Nyarugusu. Wajukuu wangu wamezaliwa hapa. Fizi wanaisikia midomoni mwetu tu.

Kadi ya mgao inahesabu watu wa nyumba, lakini hailei mtoto. Mgao ukipungua, heshima isipungue. Jioni tule pamoja, tusali pamoja, tuwatajie watoto majina ya mababu na vijiji vyao. Wenzetu wengine walirudi Kongo, wengine walipelekwa Marekani. Aliyefundishwa kwao hakupotea. Mwacha asili ni mtumwa.

Nanyi wa mashirika, mkitaka kumsaidia mtoto, kwanza muulizeni mlezi wake.

Mungu awabariki.