Maumivu Yasiyokwisha



Yuko mama mmoja katika parokia yetu aliyeumwa mgongo kwa miaka mingi. Alipigwa picha, akameza dawa, akaombewa. Siku moja tulimwuliza kama iko dhambi ambayo hajaitubu. Hakujibu. Jumapili iliyofuata hakuja kanisani, wala ile ya pili. Leo tunakiri kwamba tulikosa.

Madaktari husema kwamba maumivu yakizidi miezi mitatu ni ya kudumu. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna mfano wa lango, ambalo habari za maumivu hupitia kwenda kwenye ubongo. Hofu, huzuni na upweke huweza kulifungua zaidi. Utulivu wa moyo huweza kulifunga kidogo. Basi mgonjwa huyu hasingizii. Anaumwa kweli, hata kama picha haionyeshi kitu.

Tufanyeje basi? Akipata nafuu, asilime shamba zima halafu alale siku tatu. Alime mistari michache, apumzike kabla ya kulazimishwa na maumivu, na kesho afanye vivyo hivyo, akiongeza kidogo kidogo. Avute pumzi polepole. Tena ayachunguze mawazo yake. Moyo ukimwambia, "Umekwisha wewe," aujibu, "Leo naumwa, lakini kuchambua mboga naweza." Huenda maumivu yasiondoke yote, lakini maisha yatarudi. Wala asimwache daktari. Miguu ikifa ganzi au ikiishiwa nguvu, aende upesi.

Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake. Haukuondolewa, wala Bwana hakumkemea kwamba imani yake ni haba. Alipewa neema ya kumtosha.

Tulikwenda nyumbani kwa mama yule kuomba msamaha. Alitupikia chai, akasema, "Mchungaji, waambie akina mama waje tuketi pamoja. Lakini wasiniulize kila mara kama nimepona."

Ndugu, karibu nawe yuko mtu wa namna hiyo. Wiki hii nenda ukaketi naye.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeyajua maumivu msalabani, uwe karibu nao wanaoumwa usiku huu. Utusamehe maneno yetu ya haraka, utufundishe kukaa nao. Amina.